Mafunzo ya juu ya unasihi kwa walimu wa shule: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanawahusu walimu wa msingi na sekondari ambao tayari wamepewa jukumu la ushauri nasaha na unasihi, na sasa wanataka kusoma zaidi. Sheria na taratibu zilizotajwa ni za Tanzania Bara, isipokuwa pale tunapotaja Kenya.

Nimehudhuria semina nyingi za ushauri nasaha. Mafunzo ya juu yataniongezea nini?

Semina ya siku mbili au tatu hukupa orodha: aina za ushauri, sifa za mnasihi mzuri, matatizo ya vijana. Ukirudi shuleni Jumatatu, mtoto wa kwanza anayeingia ofisini unamshauri vilevile ulivyomshauri wa mwezi uliopita. Mafunzo ya juu yanalenga kubadilisha kile kinachotoka kinywani mwako ndani ya dakika arobaini za kikao. Kwa hiyo yana sehemu tatu zinazokwenda pamoja: nadharia, mazoezi ya stadi huku mtu mwingine akikutazama, na usimamizi wa kitaalamu wa kesi zako halisi. Kozi yenye sehemu ya kwanza pekee ni somo la saikolojia. Ina faida yake, lakini haimfanyi mtu kuwa mnasihi.

Tatizo la kwanza tunalokutana nalo limo ndani ya jina la kazi. Shauri na nasaha, maneno yote mawili yanamaanisha kumwambia mtu la kufanya. Mwalimu akiitwa mshauri, anajiona ana deni la kutoa maneno. Mwanafunzi akiitwa kwa mshauri, anajiandaa kusemwa. Wiki za mwanzo za mafunzo hutumika kuvunja mazoea hayo, na walimu wenye uzoefu wa miaka mingi darasani ndio huona ugumu zaidi, kwa sababu kueleza na kusahihisha ni kazi waliyoifanya maisha yao yote na wanaifanya vizuri.

Watoto wangu wana shida za njaa, ada na vipigo. Nadharia za Wazungu zitanisaidia nini?

Nadharia inakuelekeza usikilize nini. Mchukue msichana wa kidato cha tatu ambaye alama zake zimeporomoka kutoka 70 hadi 30 na hasemi tena darasani. Walimu wanne wanaotumia nadharia nne watasikia mambo manne tofauti.

Anayemfuata Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeeleza mwaka 1957 masharti ya mazungumzo yanayombadilisha mtu, atasikiliza jinsi msichana anavyojiona. Atajitahidi kuwa mkweli, kumkubali bila masharti, na kuuelewa ulimwengu wake kutoka ndani. Mtoto anayepimwa kwa alama na kila mtu mzima, akikutana na mmoja asiyempima, huanza kusema. Udhaifu wake shuleni ni kwamba mwanafunzi amezoea kuongozwa, hivyo mwalimu akinyamaza tu, mtoto hudhani amekasirika. Inabidi umweleze mwanzoni kwa nini hutamwambia la kufanya.

Anayetumia tiba ya fikra na tabia, iliyojengwa na Aaron Beck kuanzia miaka ya 1960, atatafuta sentensi iliyomo kichwani: “Nimefeli hesabu, basi mimi ni mjinga, nitaishia kuolewa.” Kazi yao itafanyika kwenye karatasi yenye safu tano: tukio, fikra, hisia, kitendo, ushahidi. Hapa makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kubishana na mtoto (“Wewe si mjinga bwana!”), badala ya kumwachia yeye apime ushahidi. La pili ni baya zaidi: kuutibu ukweli kana kwamba ni fikra potofu. Mtoto anayesema “nyumbani hawanitaki” huenda anasema jambo lilivyo. Kabla hujaigusa fikra, hakikisha mazingira.

Unasihi unaolenga ufumbuzi, kazi ya Steve de Shazer na Insoo Kim Berg huko Milwaukee, Marekani, ndio unaolingana zaidi na shule zetu, maana unatosha katika vikao vitatu hadi vitano. Chombo chake kikuu ni swali la kipimo: “Kutoka 0 hadi 10, wiki hii uko wapi?” Akisema 3, usimuulize kwa nini si 8. Muulize ni kitu gani kinaifanya iwe 3 na isiwe 1. Swali lake jingine, lile la muujiza, linahitaji kurekebishwa. Ukitamka neno “muujiza” kwa mtoto wa kanisani au wa madrasa, atakujibu kwa dua. Sema hivi: “Tuseme umelala, na usiku shida hii ikaondoka bila wewe kujua. Asubuhi ni nani angekuwa wa kwanza kugundua, na angeona nini?”

Mkabala wa uhalisia wa William Glasser unauliza mtu anataka nini, anafanya nini sasa, na je, anachofanya kinampeleka anakotaka. Unafaa sana kwa utoro. Hatari ni kwamba maswali hayohayo, yakitoka kwa mwalimu mwenye sauti ya ukaguzi, yanageuka kesi ya nidhamu.

Juu ya hizo zote ongeza mti wa ukoo. Mchore pamoja na mtoto: nani analipa ada, nani ndiye mwenye uamuzi, analala chumba kimoja na nani, mjomba au shangazi yupi anamsikiliza. Mara nyingi mtu wa kumsaidia mtoto si baba wala mama, na utamjua kwa dakika kumi za kuchora.

Chukua nadharia mbili, uzimudu. Mwalimu anayechanganya sita hubadilisha njia kila kikao kinapokuwa kigumu, na mtoto hulitambua hilo.

Stadi zipi ndizo ngumu kwa walimu?

Kuakisi, kuuliza na kunyamaza, kwa mpangilio huo.

Kuakisi ni kumrudishia mtu maana ya alichosema, pamoja na hisia yake, kwa maneno yako. Mtoto anasema: “Baba ameoa mke mwingine, sasa ada hakuna.” Mwalimu wa kawaida anauliza, “Umeshaongea na baba?” Mnasihi anasema, “Unaona nafasi yako kwa baba imechukuliwa.” Si lazima apatie. Akikosea, mtoto atamsahihisha (“Hapana, mama ndiye ananiuma”), na masahihisho hayo ndiyo mazungumzo yenyewe. Kipimo tunachotumia ni akisi mbili kwa kila swali moja. Wanafunzi wengi wa kozi huanza na maswali kumi kwa akisi moja.

Sikiliza hisia pale Kiswahili kinapoziweka. Ni watoto wachache wanaosema “nina huzuni” au “nina wasiwasi”. Watasema moyo unawauma, roho imechoka, kichwa kizito, tumbo linavuruga. Mtoto anayeomba ruhusa kila wiki kwa ajili ya kichwa apelekwe zahanati kwanza, kisha aulizwe kichwa kinaanza kuuma wakati gani na nani akiwepo.

Kuhusu maswali, ondoa “kwa nini”. Katika masikio ya mwanafunzi neno hilo linatangulia adhabu: kwa nini umechelewa, kwa nini hujafanya kazi. Weka “ilikuwaje”, “nieleze ilivyoanza”, “halafu ikawaje”.

Halafu yako maneno ya kufunika chungu. “Pole” ni neno zuri, lakini likitoka haraka mno linamwambia mtoto yamekwisha. “Jikaze”, “usijali”, “mwachie Mungu” hufanya vivyo hivyo. Methali ndizo zenye nguvu kuliko yote hayo. Ukimwambia mvumilivu hula mbivu mtoto anayepigwa na mama wa kambo, amesikia amri ya kunyamaza, tena kutoka kwa wahenga. Methali itumike tu pale mtoto mwenyewe anapoileta, na hapo umuulize kwake ina maana gani.

Kunyamaza: baada ya mtoto kusema jambo zito, hesabu moyoni hadi kumi. Darasani walimu wengi hawangoji hata sekunde mbili baada ya kuuliza, kwa hiyo sekunde kumi zitaonekana ndefu mno. Mara nyingi sentensi muhimu ya kikao huja kwenye sekunde ya saba au ya nane.

Vitabu vinasema nimtazame mnasihiwa machoni na nimwinamie. Mbona watoto wanaogopa?

Maelekezo hayo yametokana na mpangilio wa mwanasaikolojia Gerard Egan wa miaka ya 1970, uliowalenga watu wazima wa Marekani. Kwetu mtoto mwenye adabu huinamisha macho mbele ya mkubwa. Ukimkazia macho anaona anahojiwa. Weka viti viwili vya kimo kimoja, pembeni kwa pembeni kama pembe ya meza, ili akitazama mbele asikutane na uso wako isipokuwa akitaka. Meza isiwe kati yenu. Mpe kitu cha kushika: kalamu, karatasi ya kuchorea. Akikuamkia “shikamoo”, itikia kama kawaida, usimwambie aiache. Heshima yake ni yake, na kumvua ghafla kunamwacha bila pa kusimama.

Mazoezi ya stadi yanafanywaje?

Kwa vikundi vya watatu: mnasihi, mnasihiwa, mtazamaji. Kila mzunguko ni dakika 15 za mazungumzo na dakika 10 za mrejesho, kisha mnabadilishana nafasi. Mtazamaji ana karatasi yenye tarakimu tu: maswali mangapi, akisi ngapi, mara ngapi mnasihi alitoa ushauri, kimya kirefu zaidi sekunde ngapi. Mrejesho huanza kwa mnasihi mwenyewe, wa pili mnasihiwa, wa mwisho mtazamaji. Mtazamaji akianza, mengine yote hugeuka kujitetea.

Mnasihiwa alete jambo lake la kweli lakini dogo, kama ugomvi wa zamu ya usimamizi au mkopo wa SACCOS unaomsumbua. Kuigiza “mwanafunzi mwenye mimba” hakufai: mwigizaji hulia kwa sauti, mnasihi huhubiri, na hakuna anayejifunza kitu. Jambo zito mno, kama msiba wa mwezi uliopita, nalo lisiletwe, kwa sababu dakika 15 zitalifungua bila kulifunga.

Zoezi la pili, ambalo wengi hulichukia na baadaye hulishukuru, ni kunukuu neno kwa neno. Unarekodi kikao kwa ridhaa (kwa mtoto, ridhaa yake na ya mzazi au mlezi), unachagua dakika kumi, unaziandika zote katika safu tatu: kilichosemwa, nilikuwa nafikiri nini, ningesema nini sasa. Tenga saa mbili. Rekodi hufutwa baada ya kusimamiwa, na isipite kwenye WhatsApp hata mara moja, hata kwa msimamizi wako.

Usimamizi wa kitaalamu ni nini? Mkuu wa shule si ananisimamia tayari?

Mkuu wa shule anasimamia ajira yako. Msimamizi wa kitaalamu ni mnasihi mzoefu zaidi ambaye unamletea kesi zako, bila majina, ili aone usichokiona. Watu hawa wawili wasiwe mtu mmoja, maana hutamweleza anayekujazia tathmini kwamba ulimwogopa mnasihiwa wako.

Wakati wa mafunzo, saa moja kila wiki mbili ndicho kiwango cha chini kinachozaa matunda. Baada ya hapo walimu wanne hadi sita wa kata au wilaya moja wanaweza kukutana mara moja kwa mwezi. Kila mtu analeta kesi moja kwa dakika 20, na swali moja analotaka lijibiwe. Kikundi kisicho na swali la kuanzia hubadilika haraka kuwa kijiwe cha kulalamikia wazazi.

Niseme nini kuhusu usiri? Mkuu wa shule akiniuliza je?

Sema mwanzoni, kabla mtoto hajafungua mdomo, kwa maneno ambayo mtoto wa darasa la tano anaelewa: “Tutakayozungumza hapa siwaambii wengine. Kuna mambo matatu nitalazimika kumwambia mtu wa kusaidia: kama unataka kujidhuru, kama unataka kumdhuru mtu, au kama kuna mtu anakuumiza au anakufanyia jambo baya. Ikifika hapo nitakwambia wewe kwanza.” Mwombe akurudishie alichoelewa. Anayeahidi “siri yako itabaki kwangu” bila mipaka anajifunga ahadi ambayo sheria haimruhusu kuitimiza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinakiukwa aripoti kwa serikali ya mtaa husika.

Na mkuu wa shule? Kubalianeni naye kwa maandishi mwanzoni mwa muhula kwamba atapata idadi ya vikao, aina za matatizo kwa jumla, na taarifa kamili ya hatari yoyote kwa uhai au usalama. Majina na maelezo mengine hapana. Makubaliano hayo ni rahisi mwezi Januari. Mwezi Agosti, kesi ikiwa mezani, hayapatikani.

Mimi pia ni mwalimu wa nidhamu. Naweza kufanya kazi zote mbili?

Hapana, na hili tunalisema bila kupunguza. Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 bado zinaruhusu viboko, visivyozidi vinne, chini ya mamlaka ya mkuu wa shule. Kenya imevipiga marufuku shuleni, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza adhabu ya kimwili kwa mwanafunzi. Popote ulipo, mkono uliomchapa mtoto asubuhi hauwezi kumfungulia mlango mchana. Si lazima awe amechapwa yeye, inatosha amemwona rafiki yake.

Mwombe mkuu wa shule akutoe kwenye nidhamu kwa barua. Asipokubali, angalau usiwe mtoaji wa adhabu kwa darasa unalolinasihi, na ukatae unasihi kutumika kama adhabu. Mwanafunzi anayeletwa kwa maneno “amekosa, mpe ushauri” hajaja kwako, ameletwa. Kikao cha kwanza kifanyie kazi hilo tu: nani amemleta, anadhani kwa nini, na je, kuna jambo lake mwenyewe angependa kulizungumza.

Mwanafunzi akisema hataki kuishi, nifanye nini?

Muulize waziwazi: “Umefikia kufikiria kujiua?” Tumia neno lenyewe. Kuuliza hakumpandikizii mtoto wazo hilo. Kunampa nafasi ya kulitoa. Mwalimu anayezunguka (“hutafanya jambo baya, sivyo?”) amemfundisha jibu analotaka kusikia.

Akikubali, uliza kwa utulivu: amefikiria njia gani, njia hiyo anaipata wapi, amepanga lini, amewahi kujaribu. Mwenye njia mkononi na siku aliyoipanga hatoki mbele ya mtu mzima hata dakika moja, hata kwenda chooni peke yake. Aliyewahi kujaribu, hatari yake ni kubwa zaidi.

Hatua zinazofuata ni za siku hiyohiyo. Mwambie mtoto nani unamwita. Mjulishe mkuu wa shule. Mwite mzazi au mlezi aje mwenyewe. Kwa simu sema tu kwamba mtoto anahitaji msaada leo, kwa sababu habari kamili ikitolewa kwa simu huzaa kelele na mtoto hurudi kwenye nyumba yenye hasira. Mzazi akifika, zungumza naye kuhusu kuondoa vitu: dawa za kuua wadudu za shambani, sumu ya panya, vidonge vilivyobaki, kamba. Katika nyumba za wakulima dawa hizo huwa chini ya kitanda au jikoni. Zifungiwe kwa jirani. Huu ndio ulinzi unaopuuzwa kuliko wote, na mara nyingi ndio unaookoa. Kisha hospitali, mtoto akisindikizwa.

Hatari ya papo hapo ikipungua, andikeni pamoja mpango wa usalama wa sehemu sita: dalili kwamba hali inaanza, anachoweza kufanya peke yake, mahali na watu wa kumpunguzia mawazo, watu wa kuwaomba msaada, wataalamu na namba zao, na namna nyumba itakavyowekwa salama. Aandike kwa mkono wake, kwa maneno yake. Usimsainishe “ahadi ya kutojiua”. Karatasi hiyo humtuliza mwalimu na haimlindi mtoto.

Na akisema amebakwa, au kuna mtu anamchezea?

Saa ndizo muhimu. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, mapema kadiri inavyowezekana, na hutumika siku 28. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba hufanya kazi hadi saa 120. Hospitali kwanza, basi. Fomu namba 3 ya polisi (PF3) isimcheleweshe mtoto kutibiwa. Palipo na Kituo cha Mkono kwa Mkono, mtoto hupata daktari, polisi na ustawi wa jamii mahali pamoja. Asioge wala kufua. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu mfuko wa plastiki huhifadhi unyevu na kuharibu ushahidi.

Usimhoji. Unahitaji kujua mambo machache tu: nini, lini, nani, na je, mtu huyo anaweza kumfikia leo. Andika maneno yake kama alivyoyasema, bila kuyasafisha. Kila anaporudia hadithi kwa mtu mpya anaumia tena, na kila toleo jipya hutumika na wakili wa upande wa pili. Toa taarifa kwa afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba ya simu ya mtoto, 116, inafanya kazi Tanzania na Kenya. Familia zikianza kuzungumzia “kuyamaliza nyumbani”, usikae kwenye kikao hicho wala usikiandikie muhtasari.

Mwanafunzi mjamzito?

Tangu Novemba 2021 Tanzania inaruhusu wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito kurudi shuleni baada ya kujifungua. Mfahamishe msichana na wazazi wake hilo katika mazungumzo ya kwanza, kisha panga naye tarehe ya kurudi, atakayebaki na mtoto, na atakavyonyonyesha. Usipotaja kurudi siku hiyo, familia hupanga ndoa. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kisheria, kwa hiyo yale ya swali lililotangulia yanamhusu pia.

Bwenini wasichana wanaanguka na kupiga kelele, wanasema ni mapepo. Nadharia inasema nini?

Jambo hili lina historia ndefu kwetu. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya misheni huko Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka bila kujizuia. Wakafikia 95 kati ya 159, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Watoto wale hawakuwa wakiigiza, wala hawakuwa na ugonjwa wa mwili ulioonekana. Msongo unaobebwa na kundi lisilo na ruhusa ya kulalamika hutafuta mwili wa kutokea.

Watenganishe walioanguka na watazamaji, kila mmoja sehemu yake, tulivu, na mtu mmoja anayeongea kwa sauti ya chini. Ondoa simu za kurekodi. Daktari awapime, maana kifafa, malaria na njaa navyo huangusha. Usibishane na familia kuhusu mapepo: dua na unasihi vinaweza kwenda sambamba, mradi hakuna anayepigwa, kufungwa au kunyimwa chakula. Maombi ya hadhara uwanjani huongeza idadi ya wanaoanguka. Baada ya wiki moja anza kazi yenyewe. Kaa na vikundi vidogo, uliza kuhusu bweni, chakula, mitihani, mwalimu anayewaogofya, msiba ambao haukuzungumzwa. Kwa kawaida kuna jambo, na mara nyingi ni jambo ambalo uongozi wa shule unaweza kulirekebisha.

Shule ina wanafunzi 900 na mimi ni mmoja. Nitawafikiaje?

Chama cha wanasihi wa shule cha Marekani kinapendekeza mnasihi mmoja kwa wanafunzi 250, na huko nako shule nyingi hazifiki. Kwa vikao vya mtu mmoja mmoja hutaweza, usijaribu. Gawa muda wako: dharura na usalama kwanza, halafu vikundi, kikao binafsi kwa wachache, kwa vikao visivyozidi vitano kabla ya kutathmini upya au kutoa rufaa.

Kikundi kizuri kina watu sita hadi kumi wenye jambo linalofanana (waliofiwa, wanaorudia mitihani, wageni wa bweni), hukutana mara sita hadi nane, dakika 60. Hojiana na kila mmoja peke yake kabla ya kumwingiza. Usichanganye mwonevu na anayeonewa, wala ndugu wawili. Ingiza kikundi kwenye ratiba ya michezo au klabu, ili mtoto asiulizwe na wenzake alikuwa wapi.

Hatuna chumba.

Chini ya mwembe panatosha, kama watu wanaweza kuwaona lakini hawawezi kuwasikia. Hiyo ndiyo kanuni: kuonekana ndiyo, kusikika hapana. Inamlinda mtoto, nawe pia. Stoo iliyofungwa ni mbaya kuliko uwanja. Chagua mahali ambapo watu hukaa kwa sababu nyingine pia, kama bustani ya shule, ili kwenda pale kusiwe tangazo.

Niandike kumbukumbu gani?

Mistari mitano hadi minane, siku hiyohiyo: namba ya kesi badala ya jina, tarehe, mtoto alileta nini, ulifanya nini, hatari ipo au haipo, mmekubaliana nini. Orodha ya kuunganisha namba na majina ikae mahali pengine, imefungiwa. Usiandike uchunguzi wa kitabibu ambao huna sifa ya kuutoa. “Ana sonona” ni kazi ya daktari. Wewe andika “halali usiku, hali chakula, wiki ya tatu sasa”.

Nitaijuaje kozi nzuri?

Uliza saa ngapi utatazamwa ukinasihi, na nani atakutazama. Uliza wakufunzi wenyewe wananasihi au wanafundisha tu, na kama wao wanasimamiwa. Uliza kama utapata msimamizi baada ya cheti. Kwa Kenya, Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 imeunda bodi ya usajili, hivyo uliza kama kozi inakubalika kwenye bodi hiyo kabla ya kulipa. Kozi ya mtandaoni inafaa kwa nadharia. Kwa stadi, inafaa tu kama kamera imewashwa na vikundi vya watatu vipo.

Nianze na nini kabla kozi haijafunguliwa?

Mwombe mwalimu mwenzako unayemwamini akueleze jambo linalomsumbua kwa dakika kumi, na akuruhusu kurekodi. Usijiandae. Jioni sikiliza ukiwa na karatasi: hesabu maswali, hesabu mara ulizotoa ushauri, hesabu mara ulizomkatiza. Andika tarakimu hizo tatu na tarehe, kisha futa rekodi. Rudia baada ya wiki 12 na mwalimu yuleyule.